Tupeane uzoefu: riwaya za mapenzi na uchawi zinazosimulia upya hadithi za kale, ipi ilikukaa moyoni?

Wakuu habari zenu. Nasoma sana zile riwaya ambazo mwandishi anachukua hadithi ya zamani, tuseme Cinderella au yule binti aliyeenda kuishi na mnyama kwenye kasri, anaisuka upya iwe ya watu wazima, mapenzi ndani, uchawi ndani. Watu huniuliza unasomaje kitu ambacho mwisho unaujua? Mimi naona utamu uko hapohapo, maana hadithi za kale zina mapengo makubwa mno. Perrault, mwandishi wa Ufaransa, mwaka 1697 anatuambia mwanamfalme alicheza na Cinderella, kiatu kikapatikana, siku chache baadaye ndoa. Walizungumza nini wale watu? Hakuna. Mwandishi mzuri wa sasa anaingia kwenye hilo pengo anakaa humo kitabu kizima.

Iliyonigusa mimi ni ya mrembo na mnyama. Ile tunayoijua wengi ni ya Leprince de Beaumont wa Ufaransa, 1756, aliyefupisha hadithi ndefu ya mwandishi mwenzake Villeneuve ya 1740. Humo kila jioni mnyama anamuuliza binti utakubali kuwa mke wangu, binti anasema hapana, na mnyama anaondoka. Kesho anauliza tena, anaondoka tena. Mwenye nguvu, kasri lake, chakula chake, na bado anaheshimu jibu! Nilikuwa nimetoka kwenye uhusiano ambao hapana yangu haikuhesabiwa kabisa, nikasoma riwaya moja iliyoivuta hiyo sehemu sura kwa sura nikalia hadi nikaweka kitabu pembeni. Robin McKinley ameiandika hadithi hii mara mbili, 1978 na tena 1997, na ni vitabu viwili tofauti kabisa, kwahiyo msiniambie imeisha.

Haya karibuni, ipi yako na ilikukuta wakati gani?

#2
Asante kwa uzi. Mimi ni mama wa kambo na hizi hadithi zilikuwa zinanichoma jamani, kila mbaya ni sisi. Halafu nikaja kujua kwamba kwenye toleo la kwanza la ndugu Grimm, wale Wajerumani waliokusanya hadithi za kale, 1812, yule malkia anayetaka kumuua Snow White alikuwa mama yake mzazi, wakambadilisha kuwa wa kambo kwenye toleo la 1819. Yaani walimtoa mama mzazi lawamani wakatubebesha sisi! Tangu hapo natafuta riwaya ambazo malkia amepewa maisha yake, alipendwa na nani, aliogopa nini kwenye kile kioo. Binti wa mume wangu sasa ni mkubwa, tunasoma pamoja na tunabishana sana, yeye bado anamtetea Snow White.

#3
Mimi mwanaume na nazisoma, sioni shida. Ila niseme ukweli za siku hizi nyingi zinanichosha kwa jambo moja, mnyama siyo mnyama. Ni kaka mzuri, mabega mapana, kavaa barakoa au ana pembe mbili za kupendeza, binti anamtamani kuanzia sura ya pili. Sasa hapo kavuka nini? Hadithi ilitaka ampende akiwa anatisha kweli, uso wenyewe utishe. Wakiondoa hilo wabaki na mapenzi ya kawaida tu yenye mishumaa.

#4
Naungana na #3. Kwangu mimi ni mrembo aliyelala. Kabla ya Perrault kuna ya Basile wa Italia, miaka ya 1630, na humo mfalme hamsubiri binti aamke, anamwingilia usingizini na anaondoka, binti anajifungua mapacha bado kalala. Nikishajua hivyo nikawa mkali sana, riwaya yoyote ya hadithi hii naangalia kwanza kama huyo binti ana kauli. Zinazonishika ni zile ambazo wamekutana kabla ya usingizi au ndotoni, busu linakuja mwisho na anajua linatoka kwa nani.

#5
Mimi ni ya kaka sita waliogeuzwa bata maji. Dada yao akae miaka sita bila kusema wala kucheka, huku anawashonea mashati ya maua, ndipo warudi kuwa watu. Juliet Marillier aliitolea riwaya mwaka 1999, akaipeleka Ireland ya kale, na mashati ni ya mmea wenye miiba inayomuumiza binti mikono. Anachukuliwa na bwana mmoja mpaka Uingereza, hawezi kumwambia yeye ni nani wala kwanini anashona, na mapenzi yanakua hivyohivyo bila yeye kutamka neno. Nilikuwa namuuguza mama, usiku mrefu, kazi za mikono zisizoisha na huna wa kumweleza, basi yule binti nilikuwa namuelewa kila kidonda. Ina sehemu nzito ya ukatili, anayetaka kuisoma ajiandae.

#6
Na nguva je? Nimesoma kadhaa zote zinamwozesha mwanamfalme, mimi nataka zenye uchungu wa Andersen, yule Mdenmark aliyeiandika hadithi yenyewe.

#2
#6 ndugu yangu nakuelewa. Ile ya 1837 kila hatua anayopiga ni kama anakanyaga visu, ulimi amekatwa, na mwanamfalme anaoa mwingine. Kabla hujaichukua yoyote soma sura ambayo anapata miguu. Kama haimuumi, kama sauti anarudishiwa mapema, irudishe. Waliobakiza maumivu huwa hata mapenzi yake wanayaandika kwa kina, hata wakimpa ndoa mwishoni. Hizo mimi nazikubali, wewe sijui utaniambia nini.

#6
Akiolewa na mwingine anayemsikiliza, hapo sawa. Siyo yule yule.