Kutoka tela la boksi kwenda tanki la chakula: nani anaijua kazi hii?

Ameandika: muulizaji, Texas

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi.

Nina CDL (leseni ya malori makubwa) daraja A na navuta tela la boksi. Kuna kampuni ya matanki ya vyakula vya maji (maziwa, juisi, mafuta ya kupikia, sirapu) imenipigia. Kwa maili wanalipa zaidi ya hapa nilipo, na wanasema nitaachana na foleni za maghala. Mume wangu hataki kusikia, anasema matanki hupinduka. Jambo jingine, mimi ni Mwislamu na nasikia tela hilo hilo leo linabeba juisi, kesho divai, keshokutwa mafuta ya nguruwe. Aliyeifanya kazi hii naomba anipe ukweli wa hela na wa usalama. Msiniambie tu "nzuri, njoo".

Ameandika: dereva wa tanki, Ohio

Marahaba, dada. Nianze na shemeji, kwa sababu hajakosea. Matanki hupinduka, na mara nyingi si kwa mwendo wa kutisha. Ni zile njia za kutokea barabara kuu, zinazozunguka kama konokono, ambapo mwenye boksi anapita salama kwa mwendo ambao sisi unatulaza ubavu.

Matanki mengi ya petroli yana kuta ndani zinazovunja mawimbi. Ya chakula hayana. Kanuni za usafi haziruhusu, maana nyuma ya kila ukuta kungebaki utando usiofikika kwa kuosha. Ndani ni laini mwanzo hadi mwisho, na mzigo wote uko huru. Ukifunga breki, hosi (kichwa cha lori) inasimama, maziwa bado yanasafiri. Yatagonga mbele, yarudi nyuma, yagonge tena. Kwenye taa nyekundu na barafu chini, pigo hilo linaweza kukusukuma hadi katikati ya makutano mguu ukiwa bado juu ya breki. Kwa hiyo unaanza kusimama mapema sana, na baada ya kusimama unaendelea kukanyaga breki mpaka mzigo utulie. Kibao cha njano cha kona kikisema 35, wewe shuka chini yake, tena si kwa maili moja mbili.

Usidhani tanki lililojaa ndilo gumu. Lililojaa hutulia. Gumu ni lenye nafasi. Kwenye barabara kuu hosi, tela na mzigo kwa pamoja havitakiwi kuzidi paundi 80,000. Galoni ya maziwa ina uzito wa paundi 8.6 hivi, kwa hiyo tanki la galoni 6,000 na kitu utalijaza karibu na juu. Sirapu ya mahindi inapita paundi 11 kwa galoni. Mizani itakukataza mapema, na utaondoka na kiasi kama theluthi ya tanki ikiwa tupu. Sirapu hutembea polepole, kweli, lakini ikishaanza kuegemea upande hairudi kwa kuombwa.

Kuhusu leseni, utaongeza herufi N ya tanki. Ni mtihani wa maandishi, basi. Ile ya alama za vidole na uchunguzi wa usalama ni H, ya mizigo ya hatari, na maziwa hayaihitaji. (Wanaotusoma kimya kimya na wanajiandaa kuingia kwenye udereva: shughulikieni Kiingereza kabla ya kushughulikia lori. Kanuni ni ya zamani, ila tangu 25 Juni 2025 mkaguzi akiona huwezi kuongea naye wala kuelewa vibao, anakusimamisha hapo hapo barabarani.)

Sasa hela, ambayo ndiyo sehemu wanayoipitia haraka kwenye simu. Maili ni nzuri. Swali ni saa ambazo magurudumu hayazunguki. Ukimaliza kushusha unakwenda kituo cha kuoshea matanki. Wanateremsha mashine inayozunguka kupitia mdomo wa juu, inapiga maji moto na dawa pande zote. Mipira ya kupitishia mzigo, pampu, valvu na vifuniko vinaoshwa pia. Tela lako moja haliwachukui muda mrefu. Wanaokuchelewesha ni wenzako waliokutangulia, na vituo vya chakula si vingi, kwa hiyo wakati mwingine utaendesha tupu mbali tu ili ukaoshe. Ukirudi kiwandani unakuta nafasi moja ya kupakia na malori yamejipanga.

Saa hizo zinakula ratiba yako. Unajua kanuni: kuendesha saa 11 ndani ya saa 14, na saa 70 za kazi kwa siku nane. Kwenye tanki mara nyingi pampu unaiendesha mwenyewe, kwa hiyo kushusha hakuwi mapumziko. Umesimama pembeni ya valvu na saa 14 zinakwisha. Waulize haya, na majibu uyaone kwa maandishi: kuosha kunalipwa au ni "sehemu ya kazi"? Kungoja kunaanza kulipwa lini? Maili tupu za kwenda kuosha zinalipwa sawa na zenye mzigo? Mimi ningekubali senti pungufu kwa maili kwenye kampuni inayolipa kungoja, kuliko senti nyingi kwenye isiyolipa.

Wakikwambia uchukue lori lao kwa mkataba wa kulilipa polepole, kata simu.

Ameandika: mpokeaji maziwa kiwandani, Wisconsin

Kaka wa Ohio ameongea vizuri. Mimi naongezea kutoka upande wa pili wa mpira, maana madereva wengi hutuona tunawatesa kwa makusudi.

Ukifika kwangu naangalia karatasi kwanza, mzigo baadaye. Cheti cha kuoshea kinatakiwa kionyeshe namba ya tela, kilichobebwa kabla, jinsi lilivyooshwa na namba za lakiri. Lakiri ya kifuniko ikisoma tofauti na karatasi hata kwa tarakimu moja, hushushi. Ikikatika njiani, piga simu palepale ulipo, usingoje kunieleza mlangoni. Kwa maziwa ya daraja A kuna na muda: tanki lililooshwa na kutiwa dawa likikaa zaidi ya saa 96 kabla ya kutumika, linatiwa dawa upya. Wateja wa juisi na mafuta wana masharti yao, na wengine wanataka orodha ya mizigo mitatu iliyotangulia.

Maziwa mabichi yakinifikia yamepita nyuzi 45 za Fahrenheit, nayakataa. Na kila tanki napima mabaki ya dawa za antibiotiki kabla ya kufungua valvu, hakuna anayeruka hatua hiyo. Yakionekana, mzigo mzima hauingii kiwandani. Wakati wa kipimo dereva anangoja, na najua anaponiangalia anawaza nini.

Ukali huu una historia. Mwaka 1994 aiskrimu iliwaambukiza salmonela watu wanaokadiriwa kuwa 224,000 nchini Marekani. Mchanganyiko wake ulikuwa umechemshwa vizuri kiwandani, kisha ukasafirishwa kwenye matela yaliyotangulia kubeba mayai mabichi ya maji. Yaani kosa lilikuwa ndani ya tanki, siyo kiwandani. Bunge lilipitisha sheria ya usafi wa kusafirisha chakula mwaka 2005, na FDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikatoa kanuni zake mwaka 2016.

Mambo mawili ya usalama ambayo hayakuguswa. Kabla ya kuanza kuvuta mzigo kwa pampu, hakikisha hewa ina pa kuingilia juu. Pampu ikinyonya huku tanki limefungwa, chuma chote kile kinajikunja kuelekea ndani, na tela halifai tena. Vivyo hivyo ukilifunga tanki likiwa bado limejaa mvuke wa kuoshea, halafu likapoa. La pili: baadhi ya mafuta, divai na juisi hufunikwa na naitrojeni ili zisiharibike. Haina harufu wala rangi. Usiingize kichwa ndani ya tanki kuchungulia kama limekauka, hata kwa sekunde. Tumia tochi ukiwa nje.

Ameandika: dereva mstaafu, Minnesota

Assalamu alaykum, binti yangu. Nakujibu swali lako la mwisho maana wenzangu wamelikwepa.

Ni kweli, matela huzunguka kati ya mizigo tofauti. Hata hivyo kampuni nyingi hutenga baadhi, hasa ya maziwa, na wateja wanaotaka kosher (chakula kinachofuata sheria za dini ya Kiyahudi) hawapokei tela lililobeba mafuta ya wanyama mpaka lipitie uoshaji maalumu wa maji ya moto sana. Ukipangwa kwenye njia za wateja hao, nusu ya wasiwasi wako tayari umeshughulikiwa na watu wengine kwa sababu zao. Orodha ya mizigo iliyotangulia, aliyoitaja kijana wa Wisconsin, na wewe una haki ya kuiulizia.

Kwa upande wa sheria, huendi mikono mitupu. Mwaka 2015 jopo la raia mahakamani huko Illinois liliamua madereva wawili Waislamu wenye asili ya Somalia walipwe jumla ya dola 240,000, baada ya mwajiri kuwafukuza kwa kukataa kubeba pombe. Kampuni ilikuwa na uwezo wa kuwabadilishia mizigo na haikufanya hivyo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilipandisha kiwango: mwajiri anayekataa kukurekebishia kazi kwa ajili ya dini lazima aonyeshe kwamba ingemletea gharama kubwa kwa biashara yake, usumbufu mdogo hautoshi.

Lakini usisubiri mahakama. Sema kabla ya kusaini, kwa barua pepe, kwa lugha ya upole: sibebi divai, pombe wala mafuta ya nguruwe, je mnaweza kunipanga? Dispacha (mpangaji wa mizigo) anayejua mapema anakupanga bila shida. Anayeambiwa saa nane usiku mzigo ukiwa tayari anakasirika, na si ajabu. Kuhusu hukumu ya tela lililooshwa baada ya kubeba vitu hivyo, mwulize sheikh wako. Mimi nilikuwa dereva tu.

Ameandika: muulizaji, Texas

Asanteni sana, na baba yangu wa Minnesota, wa alaykum salaam. Mume wangu amesoma yote na sasa anauliza maswali kuliko mimi. Nimewaandikia kampuni: kuosha wanalipa kwa kiwango kimoja bila kujali foleni, kungoja kunalipwa baada ya saa mbili, na mambo ya pombe na nguruwe wamekubali kwa barua pepe. Moja limebaki: kupanda juu ya tanki. Mimi ni mfupi na magoti siyo ya ujana.

Ameandika: dereva wa tanki, Ohio

Kiwango kimoja kwa kuosha si kibaya, ila omba waandike kinachotokea ukilala kwenye foleni.

Kupanda: ngazi iko nyuma au ubavuni, na juu kuna njia nyembamba ya kukanyagia. Muda wote viungo vitatu vishike, mikono miwili na mguu mmoja au kinyume chake. Chochote unachobeba kining'inize begani, viganja vibaki vitupu. Viwanda vingine vina jukwaa na mkanda wa kujifunga, vingine havina kitu. Kwenye mafunzo omba upande tela lenyewe kabla hujasaini, tena likiwa limelowa, kwa sababu asubuhi nyingi litakuwa limelowa. Magoti yakikataa, waulize kama wana njia ambazo kiwanda hupakia kwa chini na watu wake ndio hufungua juu. Zipo, na wazee wengi kwenye kampuni ndio wamezishikilia.