Naomba ushauri: riwaya za fantasia na sayansi zenye mapenzi ya jinsia moja

Habari zenu wapenzi wa vitabu. Nimemaliza This Is How You Lose the Time War (2019) ya Amal El-Mohtar na Max Gladstone, na mpaka sasa haijanitoka kichwani. Red na Blue ni majasusi wa pande mbili zinazopigana kwa kupita zama hadi zama. Wanaanza kuachiana barua za kutambiana, mwisho wanapendana. Na barua zenyewe sasa! Kuna iliyoandikwa kwenye miduara ya ndani ya shina la mti.

Naombeni mnielekeze nisome nini baada ya hapo. The Priory of the Orange Tree ya Samantha Shannon nimeshaisoma, na jinsi Ead anavyomlinda Malkia Sabran kwa siri huku moyo ukimgeuka taratibu ndiyo ladha ninayoitafuta. The Left Hand of Darkness (1969) ya Ursula K. Le Guin naiheshimu sana kwa ile sayari ya watu wasio na jinsia ya kudumu, ila kwa sasa nataka mapenzi yanayotamkwa waziwazi.

Nisichotaka ni wapenzi kuuawa ili msomaji alie tu. Hilo limenichosha kabisa. Unene wa kitabu haunitishi.

Halafu, waliosoma A Memory Called Empire ya Arkady Martine: Mahit na Three Seagrass wanapewa nafasi ya kutosha, au siasa za dola zinameza kila kitu? Tafadhali msinifichulie mwisho.