Nimehamishiwa CTC: ni ujuzi gani ambao chuo hakikunipa?

Muuguzi Mgeni aliuliza:

Habari zenu, ndugu wauguzi na wengine mnaosoma hapa. Nina miaka mitatu kazini, na muda wote huo nilikuwa wodi ya upasuaji, mpaka mwezi uliopita nilipohamishiwa CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, katika hospitali moja ya wilaya hapa Tanzania. Dawa nimezisoma, mwongozo wa taifa ninao mezani, na kutoa damu ya kipimo cha wingi wa virusi si kazi ngeni kwangu. Kinachonishinda ni mazungumzo.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa makamo ambaye majibu yake yalizidi kopi 1,000 za virusi kwa mililita ya damu, yaani virusi bado ni vingi, ilhali katika faili lake kila hudhurio limeandikwa kwamba ufuasi wa dawa, yaani kumeza bila kuruka, ni mzuri. Nilimwuliza kama anameza dawa kila siku. Akanijibu, "Ndiyo nesi, kila siku," huku macho yake yakiwa kwenye kitasa cha mlango. Niliandika alichosema, nikampa tarehe ya kurudi, naye akaondoka bila sisi wawili kuwa tumezungumza lolote la maana. Naomba wenye uzoefu mnieleze: mlijifunzaje kumfikia mtu wa namna hiyo?

Mama wa Zamu alijibu:

Mwanangu, swali lako ulilomwuliza lina jibu moja tu linalokubalika, na mama huyo alilijua kabla hujalimaliza. Nimefanya kazi hii tangu dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na katika miaka ya mwanzo nami nilikuwa nikiuliza hivyohivyo, tena kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Siku hizi huanza kwa kusema kwamba karibu kila anayemeza dawa za maisha kuna siku humpita, kisha nauliza: "Kwa wiki hii iliyoisha, siku gani ilikuwa ngumu?" Baada ya hapo nanyamaza, na kalamu naiweka chini. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote, kwa sababu foleni iko mlangoni na mkono unawasha kuandika.

Kuhesabu vidonge kuna faida yake, lakini usiukabidhi ukweli wote kwa hesabu hiyo. Nimewahi kumhudumia baba mmoja ambaye vidonge vyake vilitimia kila mwezi bila kupungua wala kuzidi, kumbe alikuwa akivitupa chooni usiku wa kuamkia kliniki ili asigombezwe. Ukali wetu ndio uliomfundisha hesabu hiyo. Vile vikao vitatu vya ushauri wa ufuasi tunavyotakiwa kumpa mtu mwenye virusi vingi kabla ya kumpima tena visigeuke kuwa vikao vya nidhamu; kimoja kitumie kujua nani yuko nyumbani, kingine kujua dawa inakaa wapi na inamezwa saa ngapi.

Mshauri Rika alijibu:

Mimi si muuguzi. Ni WAVIU mshauri, yaani mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI anayewashauri wenzake, katika kituo kimoja cha afya, nami mwenyewe natumia dawa tangu mwaka 2011, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa upande wa pili wa meza.

Kopo la dawa linapiga kelele. Ukilibeba kwenye mkoba ndani ya daladala linalia kama manyanga, na kila abiria aliyewahi kumwuguza ndugu yake anaitambua sauti hiyo. Ndiyo maana wengi wetu tunalizungushia kitambaa, au tunahamishia vidonge kwenye karatasi ya nailoni, ambako vinapata unyevu. Nimekutana na wauguzi wengi wanaouliza kama nimemeza dawa, ila mmoja tu ndiye aliyewahi kuniuliza naihifadhi wapi, na siku hiyo tuliongea nusu saa.

Jambo jingine ni sauti. Katika kituo kimoja nilikoanzia, mhudumu alikuwa akisimama barazani na kutangaza, "Wa CTC wapite huku!" Nilihama, nikawa nasafiri wilaya mbili kufuata dawa, na mara mbili nauli ilinikosa nikaandikwa mtoro. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda siri ya majibu yetu, lakini siri haivuji kwa kusomwa faili peke yake. Inavuja pia kwa benchi lililotengwa, kwa mlango ulioachwa wazi, na kwa jina la mtu kuitwa pamoja na jina la kliniki.

Tabibu wa Kata alijibu:

Nakubaliana na waliotangulia, ila naongeza angalizo moja: si kila mwenye virusi vingi anaruka dozi. Nilishamshauri mama mjamzito kwa miezi miwili kuhusu ufuasi kabla sijauliza anameza nini pamoja na dawa yake. Alikuwa akimeza vidonge vya kuongeza damu kwa wakati uleule, asubuhi, kabla hajatia kitu tumboni, na madini ya chuma huzuia dolutegravir, ndiyo dawa yake ya kufubaza virusi, isifyonzwe vizuri. Vidonge vya chuma au vya kalisi vinaweza kumezwa pamoja nayo kukiwa na chakula. Vinginevyo dolutegravir itangulie kwa saa mbili, au ifuate saa sita baadaye. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini hazisaidiwi hata na chakula. Hizo zitenganishwe kwa saa hizohizo. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu anahitaji dolutegravir mara mbili kwa siku. Kwa hiyo mwombe mteja aje na mfuko wake wote wa dawa, pamoja na za dukani na za miti shamba, na usikunje uso akiutoa.

Muuguzi Mgeni alirudi:

Shikamoo, Mama wa Zamu, na ahsanteni nyote. Yule mama alirudi juzi. Niliuliza kuhusu siku ngumu, nikanyamaza, na kwa kweli nilihesabu vigae vya sakafu ili nisiseme neno. Akaniambia kwamba tangu mkwewe ahamie nyumbani, dawa anaificha ndani ya debe la unga, na humeza pale tu nyumba inapobaki tupu. Tumekubaliana ameze alfajiri anapoamkia swala, kwa sababu wakati huo yuko peke yake. Lakini kabla ya kuondoka akaniachia jingine: anamlea mjukuu wa miaka 11 anayetumia dawa tangu utotoni, naye ameambiwa kwamba ni za kifua. Mtoto ameanza kuuliza kwa nini kifua hakiponi.

Mama wa Zamu alijibu:

Marahaba, mwanangu. Mtoto anayeuliza hivyo ameshakisia nusu ya jibu. Wa miaka sita au saba tunamweleza habari za wadudu wanaolala akimeza dawa na kuamka akiacha, bila kutaja jina la ugonjwa. Kwa umri wa huyu, jina lenyewe limeshachelewa kidogo. Usimwambie wewe kwanza. Kaa na bibi yake peke yake, umsaidie kutafuta maneno yake mwenyewe, maana mara nyingi anachoogopa mlezi ni swali la pili, "Nimeupata wapi?", ambalo linamgusa mwanawe, mzazi wa mtoto huyo. Akiwa tayari, waite wote wawili baada ya saa nane, foleni ikiwa imekwisha, na umwulize mtoto yeye anafikiri dawa hizo ni za nini. Mwache aseme hadi amalize, hata akikosea.