Naomba ushauri: kaseti za gemu na majarida ya utotoni

Wapendwa, habari zenu. Nilipokuwa nikipanga upya stoo nimekuta boksi la utoto wangu, lenye kaseti 4 za Super Nintendo na nakala kadhaa za Nintendo Power, jarida lililoanza kuchapishwa mwaka 1988 na kusitishwa mwaka 2012. Pini zake zimeshika kutu, kurasa zimegeuka njano, na pembeni mwa ramani moja bado unasomeka mwandiko wa penseli wa kaka yangu: "Usiruke hapa, kuna shimo." (Niliruka, bila shaka.)

Linaloninyima usingizi ni kaseti moja ambayo kumbukumbu yake hutegemea betri bapa ya CR2032 iliyochomelewa ndani, kwani betri hiyo ikiisha, au ikitolewa hivi hivi, hatua zote tulizofikia sisi wawili zitafutika. Je, ninakili kwanza kumbukumbu hiyo kwenye kompyuta kwa kifaa maalumu, au fundi anaweza kubadilisha betri huku kaseti ikiendelea kupata umeme kutoka kwingine? Na majarida, niyatoe pini kabla ya kuyaskani, au nitazidi kuyaharibu?