SM7B sauti ndogo, nakosea wapi?

Habari wakuu, nimepata Shure SM7B ya podikasti, chumba changu kiko barabarani bodaboda zinapita mchana kutwa ndo maana nikataka maiki ya dainamiki, ile isiyodaka sana sauti za mbali. Sasa geini (kiwango cha kukuza sauti ya maiki) nimepandisha mpaka mwisho bado sauti inatoka kwa mbali na nyuma kuna shhhh, maiki mbovu au?

Jibu: Sio mbovu mkuu. Ile maiki inataka geini kama desibeli 60 hivi, intafesi (kile kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) nyingi ndogo zikifika huko zinaanza kuvuma. Tafuta kile kikuza sauti cha kuweka katikati ya maiki na intafesi, vingi vinatumia fantomu ya volti 48, yaani umeme unaotoka kwenye intafesi kupitia waya wa maiki, maiki yenyewe haiuhitaji.

Jibu: Kabla hujatoa hela, unakaa umbali gani? Sogea, vidole vinne tu kutoka kwenye sponji, mi nilivyosogea nikapunguza na geini bodaboda zikafifia. Halafu angalia nyuma ya maiki kuna swichi mbili, moja inakata besi nyingine inanyanyua sauti za kati, ukiongea karibu hivyo besi inajaa, kata.

Muuliza: Aisee nilikuwa mbali kama mkono mzima! Nimesogea, shhhh imepungua sana. Asanteni.