Mzae ana lukemia, daktari anataka kumchanganyia dawa mbili. Tukubali?

Kijana_wa_Kayole: Wasee naomba ushauri, mzae wangu ana miaka 74, walimtoa uboho kwa nyonga wakapima wakasema ni AML, ile lukemia (saratani ya damu) inayoenda kasi, sasa daktari anasema kemo ile kali hataiweza, anataka kumpa vidonge vya venetoklaksi pamoja na sindano za azasitidini. Binamu yuko Marekani anasema huko wanajaribu dawa tatu pamoja kwa hivyo tungoje. Mathe naye amekataa kabisa, anasema bwanake hajaribiwi dawa.

Nesi_wa_Zamu: Pole sana. Mwambie mathe hizo mbili zilishajaribiwa, utafiti unaitwa VIALE-A, watu 431 ambao kemo kali haingewafaa, wengi wazee kama mzae. Matokeo yalitoka 2020. Waliopewa azasitidini bila venetoklaksi, nusu waliishi zaidi ya miezi 9.6, waliochanganyiwa ikafika 14.7. Sitakudanganya, hiyo si kupona, ni muda. Seli za lukemia zina protini ya BCL-2 inayozizuia kufa, vidonge vinaifunga, sindano nayo inazishambulia kwa njia yake. Dozi ya vidonge huanza miligramu 100 kwa siku, kesho yake 200, halafu 400, na hapo mwanzo wampime damu sana juu seli zikifa nyingi kwa mpigo figo zinalemewa.

Stafeli_Original: mpeni stafeli na majani yake, hizo zingine ni biashara tu

Nesi_wa_Zamu: @Stafeli_Original tafadhali, hapa kuna mgonjwa.

Jirani_Umoja: Hiyo ya dawa tatu inategemea jeni bana. Uliza kama walipima jeni za FLT3 na IDH1 kwa hizo seli za lukemia, kuna dawa za kulenga hizo, lakini ukiongeza ya tatu chembe za damu zinaweza kushuka zaidi na mzee anashikwa na maambukizi. AML haingojangi, mimi singengoja. Na mkiletewa utafiti wowote hapa Kenya uliza kama PPB, ile bodi ya serikali ya dawa, imeidhinisha, nani analipa, na mjue mzae anaweza kujitoa saa yoyote. Bei ya vidonge pia uliza mapema na SHA, bima ya afya ya serikali, itabeba ngapi, ni ghali mbaya. Homa ikimshika saa nane usiku ni hospitali hiyo hiyo saa nane.

Kijana_wa_Kayole: Asanteni sana, tuna kliniki Jumatatu, nitauliza hiyo FLT3. Mathe amesoma yote hapa, sasa anauliza dawa ya fangasi aliyopewa mzae na balungi lake la asubuhi kama ziko sawa

Nesi_wa_Zamu: Balungi aache kabisa, linapandisha venetoklaksi kwa damu. Dawa ya fangasi nyingi zinafanya hivyo hivyo, hiyo asiache mwenyewe, beba pakiti daktari aione kabla ya kidonge cha kwanza ndio apange dozi.