Tupeane uzoefu: baiskeli ya mwendo wa pole, ndege, na safari ya nje imenukia

MwendoPole, Dar es Salaam

Wakuu, habari za wikiendi. Dada yangu anaishi Haarlem, Uholanzi, na mwezi Mei natarajia kwenda kumtembelea, Mungu akipenda. Tangu Januari sebule yangu imegeuka ofisi: taarifa za benki, barua ya mwajiri, barua ya mwaliko, bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Nilikuwa nalala na makaratasi, naamka nayo. Mama watoto ndiye aliyenitoa. "Baiskeli inaota kutu uani, nenda kawaone hao ndege wako."

Sasa kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi natoka Tegeta, nashuka hadi mashamba ya chumvi ya Kunduchi. Sishindani na mtu. Nikifika kwenye matuta nashuka, nasukuma baiskeli kwa mkono, maana mlio wa mnyororo unawashtua. Vitwitwi, ndege wadogo wa ufuoni, wapo wengi: wanakimbia hatua tatu, wanasimama, wanadonoa, wanakimbia tena. Pembeni yao sululu, mrefu, mdomo umepinda kuelekea chini, anatembea kama mzee anayetafuta kitu alichokiangusha.

Siku moja mzee anayekusanya chumvi pale aliniuliza natafuta nini. Nikampa darubini. Alimtazama sululu muda mrefu bila kusema neno, halafu akasema, "Miaka yote hii namfukuza na jembe, kumbe ana macho mazuri hivi." Akaniambia masika yakishika sitawaona tena, wengi huwa wameondoka. Nikapiga hesabu: Aprili wanaondoka, Mei naondoka mimi. Toka siku hiyo maandalizi yangu yamebadilika. Jioni nasoma ndege wa kule, asubuhi nawatafuta huku.

Waliowahi kuunganisha mambo haya, njooni: mlikutana na ndege gani mliowazoea nyumbani? Darubini mnaibebaje kwenye baiskeli? Na makaratasi yalipowasumbua, semeni pia.

BintiWaMida, Gede

Kaka MwendoPole, umenigusa. Mimi nilikuwa naenda Muscat, Oman, kwa shangazi yangu. Nyinyi mwajua watu wetu wa huko, Kiswahili chazungumzwa nyumbani kama hapa pwani. Miezi miwili nikingoja safari, kila nikipata nafasi nilichukua baiskeli ya kaka yangu, Phoenix nzito yenye keria, nikaenda hori ya Mida, hapa karibu na Gede, pwani ya Kenya.

Siri ya Mida ni maji. Ukienda yakiwa yamekupwa kabisa, ndege wako mbali huko kwenye tope, utaona vidoa tu. Nenda yanapoanza kujaa. Maji yawasukuma taratibu kuja ulipo, nawe umekaa kimya kwenye daraja la mbao kati ya mikoko. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, maji huja kwa kasi. Siku za maji mafu, yaani maji madogo, wapata muda mrefu wa kutazama. Uliza wavuvi kabla hujatoka, usitegemee saa ya jana.

Niliyempenda mimi ni mla kaa: mweupe pe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi kama kisu kilichonolewa. Hushika kaa, humpigapiga hadi miguu imtoke, ndipo ammeze. Mida huja kwa makundi. Lakini hazalii kwetu. Huzaa kwenye fukwe na visiwa vya Bahari ya Shamu, Ghuba na Oman, na hachimbi kishimo cha juu juu kama ndege wengine wa ufuoni: hutoboa handaki ndani ya mchanga, akataga yai moja, na joto la mchanga likasaidia kulilea.

Nilimweleza shangazi haya kwa simu. Nilipofika, binamu zangu wakanipeleka hadi Barr al Hikman, upande wa pili wa bahari kutoka kisiwa cha Masirah. Ni mwendo wa saa nyingi kwa gari. Na walikuwepo. Walikuwa mamia, wamesimama mguu mmoja, wote wameelekea upepo. Nililia, nasema kweli. Nilikuwa na wiki tatu sijaona kitu cha nyumbani.

Darubini: usiivae shingoni peke yake, itakugonga kifuani kila shimo. Mimi nilifunga leso mgongoni ikaibana.

Mlimani_Moshi

Kwa ufupi kuhusu makaratasi. Nilimlipa wakala mmoja aniandalie viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya ikiwamo Uholanzi, akanizungusha hadi tarehe ikapita. Mara ya pili nilifanya mwenyewe na ikatoka. Kumbukeni: maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasiwe chini ya siku 15. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90. Msingoje siku za mwisho.

Na miiba, jamani! Beba tyubu ya akiba na pampu. Pancha mbili njiani na asubuhi ya ndege imekwisha.

Mwendesha_Naivasha

Sisi tuna Hell's Gate, mbuga ambayo unaingia na baiskeli yako na kupita katikati ya pundamilia. Vijana wanakodisha pale njia panda. Jaribu breki zote mbili kabla hujalipa. Kwenye majabali utawaona tumbusi wakipaa joto likishika, na teleka, ambao wengi huwachanganya na mbayuwayu. Nilipoenda kusoma Uingereza, mwezi Mei teleka wakafika juu ya paa za mtaa wetu wakipiga kelele jioni nzima. Nilikuwa wa pekee kwenye nyumba ile niliyesimama nje kuwatazama.

Kaka_wa_Polder, Uholanzi

Karibu sana mkuu. Nina miaka 9 huku, kwa hiyo niongeze la mwenyeji.

Kwanza baiskeli. Nyingi za kukodi hazina breki ya mkono nyuma: unarudisha pedeli nyuma ndipo inasimama. Ukizoea kuzungusha pedeli nyuma ukiwa unateremka, utasimama ghafla uanguke. Jizoeze kwenye uwanja mtupu kwanza. Usiku taa ni lazima. Njia zina vibao vyenye namba. Unaandika namba zako kwenye karatasi, unafuata 23, kisha 45, huhitaji hata simu. Mlima hakuna, lakini upepo upo, na ukikujia usoni utautamani mlima. Anza safari ukielekea upepo, urudi nao mgongoni.

Pili, kisiwa cha Texel. Kutoka Den Helder kivuko kinachukua kama dakika 20, na baiskeli inapanda. Huko ndiko Waddenzee, bahari ya tope inayokupwa na kujaa kama Mida ya dada yetu, Urithi wa Dunia tangu 2009.

Lakini nikurekebishe kwa upendo. Usidhani utakaowaona ni walewale wa Kunduchi. Aina nyingi ni zilezile, ila wanaopita Waddenzee wengi hufuata pwani ya Atlantiki hadi Mauritania na Guinea-Bissau. Wa kwenu wengi huelekea Siberia kwa njia ya mashariki zaidi. Mimi nilipojua hilo nilisikitika siku nzima, kisha nikaona ni jambo kubwa zaidi: watu wa ukoo mmoja, barabara mbili.

Sululu wako usimtafute ufuoni tu. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei hupumzika kwenye majani ya malisho, katikati ya ng'ombe. Mwezi huo jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku, utakuwa na muda.

MwendoPole

Shukrani, wakuu. Leso ya dada BintiWaMida nimeshaijaribu leo, darubini haikucheza hata kidogo. Kumbe nilikuwa nimepanga Mei katikati. Nimeongea na dada, tunaivuta nyuma hadi wiki ya kwanza, sululu wasije wakapita. Jumanne naenda kutoa alama za vidole.

Mzee wa chumvi nimemsomea maneno ya Kaka_wa_Polder. Ya Siberia ameyakubali. Ya ng'ombe amekataa katakata. Amenituma nikamletee picha ya sululu amesimama kwenye majani na ng'ombe nyuma yake, na maji ya chumvi yasionekane.